Serikali Imehamia Simuni, Meza ya Malalamiko Imebaki Wapi?

Ukitaka kuona serikali ikifanya kazi hapa Kware, usiende kwa chifu. Nenda saiba. Chumba kidogo, kompyuta nne, moja imekufa, printa inakohoa, na nyuma ya kaunta kuna kijana mmoja anayeshika mambo ya watu wengi kuliko mheshimiwa yeyote wa wadi hii. Yeye ndiye anayewaombea akina mama vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Yeye ndiye anayejaza ritani za KRA ikifika Juni, fomu za HELB, usajili wa SHA, cheti cha tabia njema cha polisi. Na kwenye droo ana daftari. Ndani ya hilo daftari kuna majina, namba za vitambulisho na maneno ya siri ya nusu ya ploti zetu.

Jirani yangu, mama anayepika chapati karibu na steji, alifunguliwa akaunti yake kwenye saiba moja miaka miwili iliyopita. Simu yake siku ile haikuwa na chaji, kwa hiyo kijana akaweka namba yake mwenyewe. Ikapita hivyo. Mwaka huu mtoto anahitaji cheti cha kuzaliwa ili asajiliwe mtihani, mama anarudi, anakuta saiba imegeuka kinyozi. Kijana alihamia Kitengela. Kila akijaribu kuingia kwenye akaunti, ile namba ya kuthibitisha inatumwa kwa simu ya Kitengela. Kijana wa watu si mbaya, anapokea simu. Anamsomea zile tarakimu, lakini kwanza anatumiwa 200. Mara tatu sasa.

Hebu jiulizeni: huyu mama amlalamikie nani? Hakuna dirisha la kugonga. Hakuna afisa wa kumwambia "hii akaunti ni yangu, ona kitambulisho changu, ona uso wangu." Karatasi zake anazo zote mkononi, lakini mwenye kumwakilisha mbele ya serikali ni laini ya mtu mwingine.

Nisieleweke vibaya. Sisemi turudi kule tulikotoka. Kaka zetu wakubwa wanakumbuka foleni za Nyayo House na Sheria House, na wale mawakala waliokuwa wanakufuata kuanzia lango, "pasipoti? pasipoti?", na bei ya kila faili iliyopotea makusudi. Huduma Centre ya kwanza ilipofunguliwa GPO mwaka 2013, wengi wetu ndiyo mara ya kwanza tuliona mtumishi wa serikali akisema "nikusaidie vipi?" Mwaka 2014 ikaja eCitizen. Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto akazindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye mtandao huo, akaita Gava Mkononi, na baadaye malipo yote yakaelekezwa kwenye namba moja, 222222. Wallahi kwa mtu mwenye simu nzuri, bando, Kiingereza cha kusoma fomu na karatasi zilizonyooka, ni rahisi kuliko zamani. Mimi mwenyewe nimeshapata cheti nikiwa ndani ya matatu, Outering Road, kwenye jam.

Shida iko kwa yule ambaye karatasi zake hazikunyooka. Na hapo, vijana wenzangu, mnajua tunazungumzia akina nani. Tunajizungumzia sisi.

Mkumbuke Huduma Namba. Aprili 2019 serikali ya Uhuru Kenyatta ilianza kuandikisha kila mtu: alama za vidole, picha, maelezo ya familia. Tuliambiwa bila hiyo namba hutapata huduma. Watu wakapanga foleni mpaka usiku. Mamilioni kwa mamilioni wakaandikishwa. Na kila mmoja aliulizwa kwanza: kitambulisho kiko wapi? Mnubi wa Kibera, ambaye babu zake waliletwa hapa na Mwingereza kama askari kabla Nairobi haijawa jiji, alikuwa bado anapigwa msasa mbele ya kamati ili apate hicho kitambulisho. Msomali wa Eastleigh vilevile. Mwarabu wa Lamu vilevile. Jirani yako mwenye jina lisilotiliwa shaka anapeleka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, anaondoka. Wewe unaulizwa cha babu, cha bibi, na mzee wa kukushuhudia.

Nubian Rights Forum wakaona hatari mapema. Ukichukua ubaguzi uliokuwa kwenye kaunta ukautia ndani ya kompyuta, hauishi. Unakuwa wa haraka zaidi. Zamani ulikosa kitambulisho, lakini bado ungeweza kumlilia daktari akakuona. Kila kitu kikishafungwa kwenye namba moja, mlango mmoja ukifungwa inafungwa yote. Walienda Mahakama Kuu pamoja na mashirika mengine ya haki, na tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakatoa hukumu. Kuchukua DNA na kuchora ramani ya mahali mtu anapoishi: marufuku, ni kinyume cha katiba. Mengine yaendelee, lakini kwanza ziwepo kanuni kamili za kulinda taarifa za watu. Na mahakama yenyewe ikakubali kwamba wapo Wakenya walio kwenye hatari ya kuachwa nje. Oktoba 2021 jaji mwingine akasema kadi zenyewe zilitolewa kinyume cha sheria, kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Leo Huduma Namba haipo. Ile kadi, kama uliipata, sasa iko kwenye droo pamoja na kadi za simu za zamani.

Nasisitiza hii kesi kwa sababu wengi wenu mlikuwa darasa la saba wakati huo, na kwa sababu waliosimamisha mradi wa mabilioni ni watu wa jamii ndogo ya Kiislamu kutoka Kibera ambao wengi wao walikuwa wanajua tu kitu kimoja: wameshawahi kuambiwa "njoo kesho" mara nyingi sana.

Kuna mfano mwingine unaouma zaidi. Kaskazini, wakati wa ukame, familia za Wakenya wa Garissa na Wajir zilienda kwenye kambi za Dadaab kwa sababu huko ndiko kulikuwa na chakula, dawa na shule. Wazazi wakajiandikisha na watoto wao. Vidole vikachukuliwa. Miaka ikapita, mtoto akarudi kwao, akafika miaka kumi na minane, akaenda kuomba kitambulisho cha nchi yake. Anaweka kidole kwenye mashine. Mashine inasema: mkimbizi. Basi. Kwao wanamjua, mzee wa kijiji anamjua, mama yake ana kitambulisho cha Kenya, lakini kompyuta imesema. Maelfu wamekwama hivyo, hawana kitambulisho, hawana laini ya simu kwa jina lao, hawana M-Pesa, hawawezi kuajiriwa wala kusafiri bila kushukiwa. Shirika la Haki na Sheria la Garissa ikabidi lilipeleke suala hilo mahakamani. Fikiria kosa lenyewe: mzazi alitafuta unga. Na mtoto ndiye aliyeandikwa.

Tarehe 5 Februari 2025 Rais Ruto alikuwa Wajir akatia saini tamko la kuondoa ule msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani, jambo lililodumu tangu miaka ya sitini. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini tamko si sheria iliyopita Bungeni. Rais mmoja akitamka, mwingine anaweza kutengua. Na mashine hazisikilizi hotuba. Ikiwa hakuna aliyeingia kwenye mfumo akafuta ile alama ya "mkimbizi" kwenye jina la huyo kijana, basi kwake yeye Februari 2025 haikutokea.

Sasa tuje nyumbani, kwa SHA. Tangu Oktoba 2024 NHIF imekufa, tuko kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, hesabu inaeleweka. Kwa sisi wa jua kali, wa boda, wa kibanda, hakuna payslipu. Kwa hiyo unaulizwa maswali: paa la nyumba yako ni la nini, ukuta ni wa nini, sakafu, choo, unapikia nini, una mali gani. Kisha kompyuta inakadiria kipato chako, inakwambia ulipe kiasi gani, isipungue 300 kwa mwezi.

Jamani, mtu aliyebuni haya maswali ameshawahi kufika Pipeline? Hapa ukuta ni wa mawe. Ghorofa nane, tisa, kumi. Sakafu ya simiti, choo cha kumwaga maji, mkichangia milango sita. Lakini jengo ni la landilodi! Mpangaji analala chumba kimoja na watoto wanne, giza mchana kwa sababu ghorofa ya jirani iko umbali wa mkono, na kodi ikichelewa tarehe kumi mlango unapigwa kufuli. Ukuta wa mawe unasema nini juu ya mfuko wake? Ng'ambo ya barabara, Mukuru kwa Njenga, kuna mwenye nyumba ya mabati anayekusanya kodi ya vyumba ishirini. Mimi sijui kompyuta inawatofautisha vipi hawa wawili, na hapo ndipo hoja yangu ilipo: sijui, na wewe hujui, na afisa wa usajili anayekuja na tableti naye hajui. Anaona jibu tu.

Kifungu cha 35 cha ile Sheria ya Ulinzi wa Data kinasema una haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, na ukiamuliwa hivyo unaweza kuomba liangaliwe upya. Imeandikwa. Rais aliitia saini Novemba 2019. Nani hapa Kware ameshawahi kuambiwa ana haki hiyo? Tangazo la "jisajili *147#" limepita kila mahali, redioni, kwenye mabango, mpaka kwenye barua za shule. Tangazo la "ukiona umekadiriwa vibaya fanya hivi" limepita wapi?

Na malipo nayo. Januari 2024 Wizara ya Elimu iliagiza karo ya shule ilipwe kupitia eCitizen. Mzazi aliyezoea kulipa nusu kwa pesa na nusu kwa gunia la maharagwe akaambiwa aende 222222, na juu yake kuna shilingi 50 ya "urahisi". Aprili 2025 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaitupa ile amri: wananchi hawakuulizwa, na ile 50 haina sheria inayoisimamia. Hamsini ni chapati mbili na chai. Watunga sera wakiiona kwenye karatasi wanaiona ni kitu kidogo, ila ukizidisha kwa huduma zote ambazo familia moja inahitaji kwa mwaka, si kidogo tena.

Upande wa pili wa simu ni mitandao ya kijamii, ambako mambo yana sura mbili.

Sura ya kwanza mnaijua. Umeme ukipotea unawaandikia Kenya Power kwenye X, wanakujibu, wanakuuliza namba ya mita. Vizuri sana. Ila kwa mwenye stima ya sambaza, namba ya mita ni ipi? Anaandika nini? (Nasikia mtu anasema "basi aache kuiba stima." Ndugu, aliyeomba mita rasmi ndani ya mabati ya Mukuru aje atuambie alisubiri muda gani.) Mwaka 2022 IEBC iliweka fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti, kila mtu akajumlisha mwenyewe sebuleni kwake. Hiyo ndiyo teknolojia ninayoipenda mimi, inayompa raia kitu cha kuhesabu. Na mwaka 2024 vijana walichukua Muswada wa Fedha, ule wa Kiingereza cha mawakili, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakaurusha TikTok. Kazi ambayo Bunge lingefanya, kwa sababu kifungu cha 7 cha katiba kinasema Kiswahili ni lugha rasmi, ikafanywa na watoto wa miaka ishirini kwa bando zao.

Sura ya pili ni hii. Mei 2025 mtaalamu wa programu, Rose Njeri, alitengeneza ukurasa rahisi: unabonyeza mara moja, barua pepe ya kupinga Muswada wa Fedha wa 2025 inaenda kwa kamati ya Bunge. Bunge lenyewe lilikuwa limeomba maoni ya wananchi! Alikamatwa Ijumaa tarehe 30, akalala ndani wikendi nzima, akashtakiwa kwa sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, ati ameingilia mfumo wa kamati. Juni 20 mahakama ikasema hakuna kosa hapo. Yaani serikali inayotuambia tuhamie mtandaoni ilimkamata mtu aliyeuhamisha ushiriki wa umma mtandaoni. Siku chache tu baada ya yeye kutoka, mwalimu Albert Ojwang alichukuliwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya X juu ya afisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa mpaka Nairobi, na asubuhi ya Juni 8 alikuwa maiti, mikononi mwa polisi.

Kwa hiyo nikisikia ofisi fulani inasema "tupeni maoni kwenye ukurasa wetu", nauliza: na nikiyatoa?

Siwezi kuandika juu ya Kware nikaacha tarehe 12 Julai 2024. Ile timbo iliyogeuzwa jaa. Miili ya wanawake ndani ya magunia. Vijana wa mtaa ndio walioingia kwenye maji na taka kuopoa, kwa mikono, na video za simu ndizo zilizoileta nchi nzima hapa. IPOA ikasema kituo cha polisi kiko chini ya mita 100 kutoka pale. Baadaye maafisa wa kituo wakahamishwa, mshukiwa akakamatwa, mwezi uliofuata akatoroka kituo cha polisi cha Gigiri.

Mimi ninachofikiria mpaka leo ni daftari la OB. Familia iliyopotelewa na binti Embakasi inaandikisha kituo kimoja. Nyingine Njiru. Nyingine Kayole. Kila moja inapewa namba ya OB kwenye kipande cha karatasi. Halafu ndugu wanazunguka mochari wenyewe, wanatengeneza bango la "ametoweka" kwenye simu, wanalisukuma kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa na msikiti na kanisa. OB ya dijitali tumeahidiwa miaka nenda miaka rudi. Nchi ambayo ikikudai kodi inajua laini yako, PIN yako, gari lako na akaunti yako kwa kubonyeza mara moja, ilishindwa nini kuyaweka majina ya wanawake waliopotea upande mmoja wa jiji kwenye orodha moja ambayo mtu anaweza kuitazama? Haikuwa teknolojia ngumu. Mtaa ulikuwa unaifanya kwa WhatsApp.

Kule Estonia, nchi ndogo ya Ulaya inayosifiwa kila mkutano wa serikali dijitali, raia anaweza kufungua akaunti yake akaona ni ofisi gani ilifungua faili lake na lini. Wawakilishi wetu wanapenda kuitaja Estonia kwa habari ya kulipa na kusajili. Sijawasikia wakitaja hicho kipande. Ningekuwa na jambo moja tu la kudai, ningedai hilo, na la pili lingekuwa meza: mtu halisi, Embakasi Kusini, mwenye mamlaka ya kurekebisha namba ya simu kwenye akaunti ya mama wa chapati akiona kitambulisho chake. Sasa wengi wetu tunafunga safari ya Makadara, nauli mara mbili na siku ya kazi imekwenda.

Wakati tunadai, kuna kazi ndogo za kufanya wiki hii hii. Shika simu ya mama yako, ingia kwenye akaunti yake, hakikisha namba iliyoko pale ni yake, badilisha neno la siri, na umfundishe asilisome kwa sauti kwenye saiba. Mfanyie na jirani asiye na kijana wa kumsaidia. Ukikataliwa kitambulisho au ukiambiwa "mfumo umekataa", omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha katiba kinakupa haki hiyo. Piga picha ya kila karatasi. Na mjue Sheria ya Kupata Habari ya 2016: unaweza kuiandikia ofisi yoyote ya umma ukiuliza jambo, kwa Kiswahili, hata ukiwa huna wakili, na inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Ikiwa ni suala la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Wakikaa kimya, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, Ombudsman. Kutuma ni bure.

Sisi watano wa mtaani tumeshaandika ya kwanza. Tumeuliza mambo mawili tu: nyumba ya mpangaji inahesabiwaje wakati wa kukadiria kipato, na mtu wa Kware akitaka kupinga makadirio aende ofisi gani, mlango gani, siku gani. Tumepeleka kwa mkono, nakala imepigwa muhuri. Leo ni siku ya nne.